Mpima Hatari wa Sultani na Nyumba Nyeupe za Chokaani

Wanasema wanaojua, na ajuaye zaidi ni Mungu, kwamba zamani sana alitawala katika mji wa Feruzi sultani aliyeitwa Shahabu bin Kahtani, na mji wake ulikuwa na minara arobaini na bustani zenye kasuku waliowasalimu wageni kwa majina yao, na majimbo yake yalikuwa mengi hata yeye mwenyewe akiulizwa idadi alitazama dari kwanza. Alikuwa sultani mwema, ila alikuwa na usingizi mwepesi. Kila jimbo lilipopatwa na maafa, gharika huku na maporomoko kule, yeye hakulala siku arobaini, na sultani asiyelala ni balaa kwa wapishi na mawaziri na wapiga matari wa jumba zima. Ndipo akaweka kazi ambayo falme nyingine hazikuwa nayo, kazi ya mpima hatari, mtu wa kwenda mashambani kabla ya msiba, akatazame milima na mito na nyumba za watu, na aandike wapi watu wakae na wapi wahame.

Mpima hatari hakutembea na jeshi. Alitembea na punda, wino, muhuri mwekundu, na timazi ya shaba iliyoning'inia kwenye uzi wa hariri kama ile waashi wanayonyooshea kuta, ila ndani ya hii alikuwa amefungwa jini. Jina lake Kaifuri. Mmoja wa mababu zake Sultani Shahabu ndiye aliyemnasa chini ya milima ya Wadihari miaka mia mbili nyuma, akamtenga na mkewe na kumtia katika shaba, na kwa nguvu ya kifungo hicho jini akawa hana budi kujibu kila aulizwalo na mpima, wala hawezi kusema uongo. Alijua kila lililowahi kuipata nchi, kila jiwe lililoporomoka na kila mto uliohama njia yake. La kesho hakulijua. Ghaibu si ya majini, na ukimuuliza yatakayokuja alikuwa sawa na mbuzi.

Na kila aliyekabidhiwa timazi ile alikula yamini kwanza mbele ya kadhi, kwamba katika jimbo analolipima hatavuka kizingiti cha nyumba yoyote kama ndugu, wala kama mchumba, wala kama mume, ili kalamu yake isipinde kwa ajili ya mtu. Akivunja yamini, kila alichoandika katika jimbo lile kingegeuka maji matupu karatasini, muhuri ungepauka, na jini angefunguka aende zake. Tena neno la jini peke yake halikuandikwa; sheria ilitaka ushahidi wa mwanadamu mwenye nyumba. Na watu wa majimboni, wabishi kuliko punda wao, hawakuhama kwa maneno ya mtu yeyote ila kwa muhuri mwekundu.

Mpima wa zama zile aliitwa Mundhiri bin Sefu, mwana wa mchimba visima, mzaliwa wa kijiji cha Chokaani katika jimbo lile lile la Wadihari. Alitoka kwao akiwa na miaka ishirini na miwili kwenda Feruzi kutafuta mahari, na nyuma yake alimwacha mchumba wake, Raihani binti Makame. Watu wa Chokaani walikuwa na desturi yao katika jambo hili. Mchumba anayesafiri huaga akiwa amesimama kizingitini kwa msichana, na huacha ndani kubadhi moja, la mguu wa kushoto, kisha huondoka peku. Maadamu msichana yumo katika nyumba ile, uchumba unadumu, hata ikipita miaka mia. Akihama nyumba, uchumba umekufa, kubadhi hutupwa nje, na mwanamume yeyote aweza kuja kuposa. Desturi hiyo iliwekwa na wanawake wenyewe, hapo zamani, ili baba asimhamishe binti kwa ujanja akamwoze tajiri. Lakini nayo iliwafunga wanawake wa Chokaani kuliko mnyororo, na hakuna aliyethubutu kusema hivyo.

Mundhiri alidhani atashika timazi mwaka mmoja. Sultani akampenda, akampa kilemba, akampa chumba chenye dirisha la bustanini, na kila mwaka ulipokwisha Mundhiri alisema moyoni kwamba mwaka huu ataomba ruhusa, na kila mwaka cheo kilimnogea. Hakuandika barua kwa sababu aliona haya, na kadiri alivyochelewa ndivyo haya ilivyozidi. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoweza kupoteza miaka kumi na mmoja bila kuibiwa na yeyote. Wala tusimtetee, lakini tuseme kweli, hapakupita siku asimkumbuke Raihani.

Siku moja Sultani alimwita barazani akamwambia, "Ewe Mundhiri, mboni ya macho yangu, nimeletewa habari kwamba mto wa Wadihari umekauka msimu wa masika, na mto unaokauka wakati wa mvua unaninyima usingizi. Nenda ukapime jimbo lile kijiji kwa kijiji, na utakachokiandika ndicho nitakachokifuata."

Hapo mtu mwaminifu angesema, "Ewe Maulana, huko ndiko kwetu, na huko nina ahadi, basi umtume mtu mwingine." Mundhiri alifungua kinywa aseme hivyo, na badala yake alisema, "Nimesikia na nimetii." Alitaka kumwona Raihani, basi, na hakuna sababu nyingine.

Njiani jini alianza kutetemeka ndani ya shaba hata uzi wa hariri ukawa unaimba. Mundhiri akamuuliza, "Una nini, ewe Kaifuri?"

"Tunaikaribia milima ya kwetu," akajibu jini. "Mke wangu yuko chini ya mlima ule wenye vichwa viwili. Miaka mia mbili sijaisikia sauti yake. Na wewe je, bwana mpima? Kwa nini tangu jana unampiga punda kana kwamba yeye ndiye aliyekuchelewesha?"

Jini hakuweza kusema uongo, lakini hakuna aliyemkataza kudhihaki.

Walipofika Chokaani waliona ajabu. Mto ule mkubwa aliokuwa akiogelea utotoni ulikuwa umebaki kijito cha kulowanisha visigino, na watu walikuwa wameingia na majembe katikati yake, wamepanda matikiti na maboga katika udongo ule mweusi, nao wanaimba kwa furaha. Nyumba zao zilikuwa kandokando ya mto kama alivyoziacha, nyeupe pepepe, zimepakwa chokaa hata macho yanauma. Kilemba na ndevu vilikuwa vimembadilisha Mundhiri, na hakuna aliyemtambua, au walimtambua wakanyamaza kwa adabu.

Sheha wa kijiji, mzee mnene mwenye heshima aliyeitwa Dadi, ambaye alikuwa mjomba wake Raihani, alimpokea kwa kahawa na halua. Mundhiri akatoa kalamu akauliza kama ilivyompasa, "Ewe Sheha, kijiji hiki kimewahi kupatwa na gharika?"

"Hasha," akasema Sheha Dadi, na jasho likamtoka. "Bwana, sisi hatujui jambo hilo."

Akauliza nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Wote wakasema hasha, na wote wakatazama chini. Jioni Mundhiri akamwambia jini, "Kijiji kiko salama. Hata mimi nilipokuwa mtoto sikusikia habari ya gharika."

"Kusikia hukusikia," akasema Kaifuri. "Umeuliza watu wanasema nini. Mimi hujaniuliza kilichotokea."

"Basi nakuuliza. Kilitokea nini?"

"Kwanza nipandishe mlimani, nikuoneshe kwa macho yako, maana umekuwa mtu wa kusadiki anachopenda."

Asubuhi wakapanda. Juu kabisa, pale mto unapopita katikati ya vichwa viwili vya mlima, Mundhiri aliona kwamba ubavu wa mlima umeporomoka na kuziba njia ya maji, na nyuma ya kifusi kile pamejaa ziwa lisilokuwapo zamani, refu, jeusi, kimya, na miti mizima imezama humo. Katika miguu ya kifusi maji yalikuwa yakichuruzika yenye matope.

"Mto umewahi kuzibwa hivi?" akauliza Mundhiri.

"Mara saba tangu kijiji kijengwe. Na mara saba ziwa likapasuka, na maji yakashuka yakapita juu ya paa za Chokaani. La mwisho lilikuwa miaka ishirini na tisa iliyopita. Ulikuwa na miaka minne, wewe na mama yako mlikuwa mmekwenda harusini kijiji cha juu."

"Mbona watu hawasemi?"

Jini akacheka, na kicheko chake kikasikika kama shaba inayogongwa. "Hukumbuki desturi ya kwenu? Msiba wa maji ukipita, husomwa hitima siku ya tatu, kisha kuta hupakwa chokaa, na kuanzia siku ile ni mwiko kuutaja, maana mnaamini gharika ikiitwa jina huitika. Mnafuta alama ukutani, mnafunga vinywa, na watoto wanakua wakijua kwamba mto ni mahali pa kupanda matikiti. Nyumba nyeupe kuliko zote ndizo zilizozama mara nyingi kuliko zote. Nenda ukakwangue."

Mundhiri akateremka akakwangua ukuta wa msikiti kwa kisu, na chini ya kila tabaka la chokaa akakuta mstari wa tope kavu, na chini ya tope chokaa nyingine, hata akahesabu mara saba. Akarudia mlango kwa mlango, akiwaonesha watu tope lile kiganjani. Wakalitazama, macho yakawajaa machozi, na wakasema, "Bwana mpima, sisi hatujui jambo hilo." Waliogopa kuliita. Na bila shahidi mmoja mwenye nyumba, hakuweza kuandika neno.

Ikabaki nyumba moja ambayo alikuwa akiizunguka siku tatu kama mtu anayezunguka moto. Ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na mto, na mlango wake ulikuwa wazi.

Alasiri ile, alipokuwa akiiendea, jini alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, "Mundhiri, nisikilize. Ukivuka kizingiti kile ukavaa kubadhi lako, utakuwa umempata unayemtamani, nami nitakuwa nimekwenda kwa ninayemtamani. Hatua moja tu ya mguu wako. Watu wawili wanaoteseka watapumzika kwa wakati mmoja, na mmoja wao amengoja miaka mia mbili."

"Na watu wa Chokaani?"

Kusema uongo jini hakuweza. "Wino utageuka maji. Hawatahama. Mpima mwingine atatoka Feruzi, siku ishirini kuja, na lini kifusi kitaachia sijui. Usiniulize tena, naona vibaya kujibu."

"Na nikipiga muhuri?"

"Watahama wote, naye akiwemo, na siku atakayotoka katika nyumba ile uchumba wako umekufa. Wapo waliomtaka miaka yote hii. Hilo si la kesho, hilo lipo sasa, wanapita kila Ijumaa kumsalimu mjomba wake."

Mundhiri akaufikia mlango. Raihani alikuwa amekaa ndani akisuka ukili wa mkeka, na alikuwa amebadilika, amekonda shingo na mvi mbili tatu zimemchomoza kwenye paji, na kwa Mundhiri hakuna binti wa bustani zote za Feruzi aliyewahi kuwa mzuri namna ile. Nyuma yake ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa kubadhi la mguu wa kushoto. Lilikuwa linang'aa. Ngozi ya miaka kumi na mmoja ilikuwa laini kama ya jana, maana kila wiki ilipakwa mafuta ya nazi.

Raihani alimtazama kwa muda mrefu. Hakupiga kelele wala hakulia. Nje, watu walikuwa wamekusanyika na Sheha Dadi mbele yao, maana kila mtu alikuwa anajua ni nani aliyesimama pale.

"Kama wewe ndiye ninayekungoja," akasema Raihani, "ingia, mwenyeji haombi ruhusa. Na kama ni mpima wa Sultani, simama hapo hapo ulipo, uulize ulichotumwa."

Mundhiri aliutazama mguu wake. Aliona jinsi ulivyo karibu na kizingiti, hapakuwa na nafasi ya vidole viwili, na alitamani kuingia, Mungu amsamehe, alitamani kuingia kuliko alivyowahi kutamani uhai. Kisha akasikia nyuma yake mtoto wa mtu anacheka kwenye matikiti, katikati ya mto. Akafungua daftari, akachovya kalamu.

"Jina la mwenye nyumba?"

Raihani alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu. "Raihani binti Makame."

"Nyumba ina mume?"

"Yupo aliyetarajiwa. Andika unavyoona."

Akaandika kwamba hayupo. Kisha akauliza lile la tatu, na sauti yake haikusikika ila na walio karibu. "Nyumba hii imewahi kupatwa na gharika?"

Sheha Dadi akatikisa kichwa akimwashiria mpwawe anyamaze. Raihani akainuka, akachukua kisu cha ukili, akaenda ukutani akaanza kukwangua, na chokaa ikamdondokea mabegani na kichwani, tabaka baada ya tabaka, mpaka tope likaonekana. Akainua mkono, akajinyoosha kwa ncha za vidole, na bado hakuifikia alama ya juu.

"Maji yalifika pale," akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Juu ya mlango. Nilikuwa na umri wa miaka mitatu, mjomba alinitupa juu ya paa, na alipogeuka kumshika mama yangu, mama alikuwa hayupo. Ilikuwa gharika. Nimeitaja kwa jina lake, na ije inichukue mimi kama inataka kumchukua mtu. Andika, bwana mpima."

Sheha Dadi akaketi chini barabarani, mzee yule mnene, akalia kwa sauti, akasema, "Nilimshika kitambaa. Kitambaa kilibaki mkononi." Na baada yake mwingine akasema, na mwingine, kila mmoja akitaja aliyempoteza, na mpaka jua linazama Mundhiri alikuwa amejaza kurasa kumi na nne kwa machozi na kwa wino. Kisha akapiga muhuri mwekundu, na alipoupiga alijua anachokikata.

Kuhama kulichukua siku sita. Mundhiri aliwapangia mahali kwenye kilima cha mashariki, na aliwaona wakipita na mitungi na kuku na milango ya mbao migongoni. Raihani alitoka wa mwisho. Alilichukua lile kubadhi kwenye msumari, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaliweka nje ya kizingiti kama desturi inavyotaka, na akapita mbele ya Mundhiri bila kumtazama.

Siku ya tisa tangu kupigwa muhuri, adhuhuri, watu walisikia mlima unakohoa. Kisha wakaona maji. Hayakuja kama mto unavyojaa, yalikuja yamesimama wima, yamebeba miti na mawe makubwa kuliko msikiti, na Chokaani yote, zile kuta nyeupe na matikiti yaliyoiva, ikafunikwa na kutoweka kabla Sheha Dadi hajamaliza shahada. Juu ya kilima watu walihesabiana. Walihesabiana mara tatu kwa kutoamini. Hakupungua hata mtoto wa mikononi.

Mundhiri alirudi Feruzi. Sultani, aliyelala usingizi mnono kwa mara ya kwanza mwaka ule, alimwita barazani mbele ya mawaziri wote akamwambia, "Ewe Mundhiri, leo omba, na kila ukiombacho ni chako, hata nusu ya hazina yangu."

Mundhiri akabusu zulia akasema, "Ewe Maulana, Mungu akuzidishie. Kwanza nakiri kosa. Wadihari ni kwetu, na nilikuwa na mchumba kule, na nilikuficha. Nilikwenda kwa tamaa ya kumwona. Ukitaka kunikata kichwa ni haki yako. Ukitaka kunipa, nifungue yamini, na umfungue huyu Kaifuri, maana yeye na mimi tulijaribiwa kwa jambo moja, na yeye ndiye aliyenikumbusha nimuulize kilichotokea, ingawa kunyamaza kungemfaa zaidi."

Mawaziri wakatazamana, na kasuku wa bustanini wakaanza kunong'ona. Kisha Sultani akaitwaa timazi kwa mkono wake mwenyewe, akaukata uzi wa hariri. Shaba ikapasuka, moshi wa samawati ukajaa baraza, na Kaifuri akaonekana kwa mara ya kwanza, mrefu, kichwa kikigusa dari, uso wake mzee kuliko walivyotazamia. Akamwinamia Mundhiri akasema, "Sitasahau," na akaruka dirishani kwa haraka kama mume aliyechelewa nyumbani, hata kilemba cha waziri kikaenda naye.

Mundhiri naye hakuchelewa. Alifika kilimani na punda wake, hana cheo, hana muhuri, akamwendea Sheha Dadi kuposa kama mgeni yeyote. Walikuwapo waposaji watatu mbele yake, na mmoja ana mashamba ya pamba yanayochosha farasi. Raihani akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Nilikungoja miaka kumi na mmoja. Hukuandika hata mstari. Ulizuiwa na nani?"

"Sikuzuiwa na mtu," akasema Mundhiri. "Cheo kilininogea, kisha nikaona haya. Sina udhuru mzuri kuliko huo."

"Afadhali hukunidanganya," akasema Raihani. "Sikukatai, wala sikukubali. Kilima hiki hakina maji, wanawake wanashuka mpaka bondeni na mitungi. Baba yako alikuwa mchimba visima. Chimba. Nataka nikuone kila siku mahali pamoja, nijue kama unaweza kukaa. Na katika siku hizo zote usiniulize ni lini."

Akachimba. Kiangazi kizima alichimba, mtu wa miaka thelathini na mitatu aliyezoea mito ya hariri, viganja vikapasuka na mgongo ukamkatika, na kila asubuhi Raihani alipita kando ya shimo na mtungi, na kila asubuhi Mundhiri alitega sikio asikie hatua zake. Sasa ndiyo alijua kungoja ni nini. Wiki moja Raihani alikwenda kumwuguza shangazi kijiji cha mbali, na Mundhiri alichimba akikosea kila kitu, hata wazee wakamwambia apumzike. Waposaji wawili walichoka wakaenda zao, na wa pamba akabaki, na Mundhiri hakujua moyo wa Raihani umeelekea wapi, akawa analala hajui na anaamka hajui.

Akiwa ameshuka kina cha pima ishirini na mbili, mwamba ukalia chini ya sururu yake, na maji matamu yakapanda kwa nguvu hata wakamvuta kwa kamba akiwa amelowa mpaka kifuani. Na ndoo ya kwanza ilipotolewa, ndani yake zilikutwa yakuti kumi na saba kubwa kama tunda la mkunazi, na chini ya ardhi watu wakasikia, wazi kabisa, mume na mke wanacheka. Mundhiri aliwapa yakuti wote waliojenga upya, akabaki nazo mbili. Raihani akaja na mtungi wake, akateka, akanywa, akafuta mdomo. "Mwambie mjomba," akasema, "aandae harusi. Yule wa pamba nilishamkataa siku ya kwanza, ila hasikii."

Harusi ilichezwa siku saba, na Sultani alipeleka zawadi na barua ya kumfanya Mundhiri liwali wa jimbo zima, na Mundhiri akakubali kwa sharti kwamba barua za kazi zisomwe na watu wawili, yeye na mkewe. Na katika Chokaani mpya kuta hazikupakwa chokaa tena hata siku ya Idi. Kila mwaka, siku ile ile, watu huitaja gharika kwa jina lake na waliokufa kwa majina yao, na wageni huuliza kwa nini wenyeji wa mahali hapa hawana woga wa maneno.

Nanyi mliokaa mpaka hapa mnangoja funzo, najua, maana hekaya bila funzo mnaiona kama pilau bila nyama. Mimi sina la kuwapa zaidi ya alilolisema Raihani mwenyewe, siku ya saba ya harusi, wanawake walipokuwa wakimpaka hina na kumtania. Shangazi yake alimshika kidevu akamuuliza, "Sema kweli, mwanangu. Siku ile, yule mwanamume angevuka kizingiti akakukumbatia, usingefurahi?"

"Ningefurahi sana, shangazi," akasema Raihani. "Kwa siku tisa."